Programu imekataliwa kwa sababu ya matangazo: tafuta chanzo kabla ya kukata rufaa

Barua ya Google Play au ya App Store inayokuambia kuwa programu yako imevunja sera ya matangazo huandikwa kijumlajumla. Inataja sera, pengine inaambatanisha picha ya skrini, basi. Mstari wa msimbo uliosababisha haitautaja. Wengi hapo hukimbilia kitufe cha rufaa, wanaeleza kwamba programu yao ni ya kheri na kwamba matangazo yenyewe ni ya AdMob, mtandao wa matangazo ulio mali ya Google hiyohiyo, kisha linarudi jibu lilelile.

Ukizichunguza barua hizi, nyingi zinatokana na jambo moja: vitu vitatu havikubaliani. Kuna ulichokijaza kwenye fomu za duka, kuna kilichomo ndani ya kifurushi ulichopakia, na kuna kinachoonekana kwenye simu ya mtumiaji. Duka linavilinganisha hivyo vitatu, kwa mashine na kwa macho ya watu. Wewe nawe ukitaka kupata chanzo, linganisha hivyohivyo.

Anza kwa kuisoma barua taratibu na kutafuta mambo mawili: kiwango cha adhabu na namba ya toleo. Upande wa Google, kukataliwa maana yake toleo hili halikupita, lakini lile la zamani linaendelea kuwepo dukani na hadhi ya akaunti haiguswi. Kuondolewa ni programu kutolewa dukani mpaka ulete toleo linalofuata sera. Ikitokea mara moja akaunti inabaki salama, ikijirudia mambo hubadilika. Kusimamishwa ndiko kuzito, kwa sababu kunahesabiwa dhidi ya akaunti yenyewe, na kukijirudia akaunti hufungwa. Mtu aliyekataliwa hana sababu ya kupaniki. Aliyesimamishwa asiguse chochote kabla hajajua chanzo.

Umerekebisha, umetuma, barua ileile imerudi

Hii huvunja watu moyo kuliko zote, na dawa yake ni nyepesi. Itazame namba ya toleo iliyotajwa kwenye barua. Mara nyingi utakuta ni toleo ambalo wewe ulishalisahau.

Play Console, tovuti ya Google ya kusimamia programu zako, ina njia zaidi ya moja za kutoa programu: ile ya watu wote, majaribio ya wazi, majaribio ya watu walioalikwa, na majaribio ya ndani. Sera inazibana zote. Toleo la 14 umelisafisha na liko dukani, lakini toleo la 11 uliloweka kwenye majaribio ya ndani mwaka jana ili rafiki zako waone rangi mpya bado li hai, na ndani yake mna SDK ileile (maktaba ya msimbo wa watu wengine) iliyokuponza. Tatizo hili limeenea zaidi tangu Google ianze kudai kwamba akaunti binafsi zilizofunguliwa baada ya tarehe 13 Novemba 2023 zipitie kwanza majaribio ya watu walioalikwa kwa siku 14 mfululizo. Mwanzoni walitakiwa watu 20 wa kujaribu, baadaye idadi ikashushwa hadi 12. Kwa hiyo karibu kila msanidi mpya ana toleo moja au mawili ya majaribio yaliyobaki nyuma.

Fungua kila njia, moja baada ya nyingine, weka toleo safi lenye namba kubwa zaidi, na hakikisha lile bovu limehamia kwenye orodha ya yasiyotumika tena. Kuna mtego mwingine hapo: ukitoa toleo jipya kwa asilimia 20 tu ya watumiaji, lile la zamani bado linawahudumia asilimia 80 waliobaki. Kwa marekebisho ya sera, toa kwa asilimia 100.

Barua inasema matangazo yako yanasumbua

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo palipo na kesi nyingi na ndipo wasanidi wa kwetu wanapobishana sana na duka. “Mbona mimi nikiifungua tangazo linakuja vizuri tu?” Linakuja vizuri kwako.

Kwanza sera yenyewe. Tangu tarehe 30 Septemba 2022 Google Play inakataza tangazo la skrini nzima linalomzukia mtumiaji akiwa ameamua kufanya jambo jingine. Inakataza tangazo la namna hiyo kuja mwanzoni mwa hatua ya mchezo au mwanzoni mwa sehemu ya maudhui, inakataza video ya skrini nzima kabla ya skrini ya kuanzia programu, na inakataza tangazo la skrini nzima lisiloweza kufungwa baada ya sekunde 15. Matangazo ya zawadi, yale ambayo mtumiaji ameyachagua mwenyewe ili apewe kitu, hayamo kwenye katazo hili, na lile linalokuja pasipomkatiza mtu, kwa mfano baada ya skrini ya matokeo, linaweza kuzidi hizo sekunde 15. Hawa si watu wa mzaha: Februari 2020 Google iliondoa programu karibu 600 kwa mkupuo mmoja kwa sababu ya matangazo sumbufu, ikazifungia pia kupata matangazo yake.

Sasa chanzo. Tazama sehemu ya msimbo inayopokea tangazo likishapakuliwa. Kama ndani ya `onAdLoaded` umeandika `show()`, umeshapata mchawi wako. Msimbo huo unasema: tangazo likifika tu, lionyeshe. Ukijaribu nyumbani kwenye Wi-Fi nzuri, tangazo linafika kufumba na kufumbua, mtumiaji akiwa bado kwenye ile skrini uliyokusudia. Mtu aliye Namtumbo au Lodwar, mtandao umeshuka, hulipata baada ya sekunde tisa, akiwa ameshahamia skrini nyingine na anaandika jina lake. Kidole kinashuka kwenye herufi, tangazo linafunguka chini yake. Kwa mkaguzi, hilo ni tangazo lililozuka bila kutarajiwa. Kwa mtandao wa matangazo, ni mbofyo wa bahati mbaya. Umepata kesi mbili kwa mstari mmoja.

Tenganisha kupakua na kuonyesha:

```
override fun onAdLoaded(ad: InterstitialAd) {
    tangazo = ad      // lihifadhi tu
}

fun baadaYaMatokeo() {
    val t = tangazo
    tangazo = null
    if (t != null) t.show(this) else endelea()
}
```

Tangazo linasubiri mapumziko ya kweli. Likiwa halijafika, mtumiaji anaendelea na safari yake. Usimwekee duara linalozunguka eti asubiri tangazo. Sijaona programu iliyofaidika kwa hilo. Usisahau pia kuita `endelea()` tangazo likifungwa, la sivyo mtu anabaki kwenye skrini tupu. Na tangazo la skrini nzima la AdMob lililohifadhiwa huchacha baada ya saa moja, kwa hiyo weka muda lilipopakuliwa na ulitupe likipitiliza. Lile la kufungulia programu hukaa saa nne.

Kujaribu hili hakuhitaji kusafiri hadi Namtumbo. Kiigizi cha Android Studio, yaani simu ya bandia ndani ya kompyuta, kina sehemu ya kuchagua aina ya mtandao. Weka EDGE, mtandao wa polepole, uone tangazo linatua wapi. Kwa simu ya kweli, ilazimishe kwenye 3G.

Chanzo cha pili ni saa, yaani `Timer` au `Handler` inayoonyesha tangazo kila baada ya dakika kadhaa bila kujali mtumiaji anafanya nini. Mbaya zaidi ni ile inayoendelea kuhesabu programu ikiwa nyuma. Mtu ametoka kwenda WhatsApp, tangazo lako likamfuata huko. Hapo umetoka kwenye usumbufu wa kawaida ukaingia kwenye kosa la kuonyesha matangazo nje ya programu, ambalo adhabu yake huwa kali. Tafuta kila mahali unapoita `show()` na uhakikishe hapako ndani ya `Service` wala `BroadcastReceiver`, sehemu zinazoweza kufanya kazi programu ikiwa nyuma. Skrini iliyofungwa nayo ni vivyo hivyo: huruhusiwi kuweka tangazo hapo isipokuwa programu yako kazi yake pekee ni kuwa skrini ya kufungia simu.

Bango dogo la chini linaonekana halina madhara, lakini likibanwa juu ya kitufe cha “Endelea” linazaa mibofyo isiyokusudiwa. Kuna hali moja inayopita bila kuonekana: ukurasa unafunguka bila bango, mtu anaelekeza kidole kwenye kitufe, bango linafika na kusukuma kila kitu juu. Tenga nafasi ya bango tangu ukurasa unapochorwa, hata kama tangazo halijaja.

Fomu ya usalama wa data hailingani na programu

Unasema hukusanyi chochote. Google inasema unakusanya. Wote mnaamini mnasema kweli, maana wewe unahesabu msimbo uliouandika na wao wanahesabu kila kilichomo kwenye kifurushi, pamoja na SDK za watu wengine. Kisera, SDK uliyoiingiza ni yako.

Fomu hiyo ilikuwa ya lazima kuanzia tarehe 20 Julai 2022. SDK ya matangazo ya Google peke yake hukusanya anwani ya IP, ambayo inaweza kutumika kukadiria eneo, jinsi mtu anavyogusa programu, taarifa za hitilafu na vitambulisho vya kifaa. Ukiwa na AdMob na umejibu “hapana” kwenye kukusanya data, jibu hilo si sahihi, hata kama hukuandika mstari mmoja wa kukusanya.

Fungua `AndroidManifest.xml`, faili linaloorodhesha ruhusa za programu, kwenye Android Studio, halafu chini bofya kichupo cha Merged Manifest. Ile uliyoiandika wewe ina ruhusa mbili. Hii iliyounganishwa inaweza kuwa na saba, na kwa kila moja inaonyesha ni maktaba gani iliyoileta. Ukipenda maandishi, ripoti ya muunganisho iko kwenye folda ya `build/outputs/logs`. Kwa wanaotengeneza programu kwa Flutter au Unity hatua hii haikwepeki, kwa sababu programu-jalizi moja huburuta maktaba nyingine usizozijua kwa jina. Amri ya `./gradlew :app:dependencies` itakuonyesha mti mzima. Kisha tafuta jina la kila SDK na namba ya toleo lake kwenye Google Play SDK Index, ambako matoleo yenye matatizo huwekewa alama.

Kisa cha X-Mode kinafaa kukumbukwa hasa na wanaotengeneza programu za nyakati za swala na kibla, ambazo kwa asili zinahitaji kujua mtu yuko wapi. X-Mode ilikuwa SDK iliyowalipa wasanidi ili ipate data za mahali walipo watumiaji. Mwishoni mwa 2020 vyombo vya habari viliripoti kuwa data hizo ziliishia kwa wakandarasi wa jeshi la Marekani, na miongoni mwa programu zilizotajwa ilikuwemo moja maarufu ya nyakati za swala. Desemba mwaka huohuo Apple na Google ziliwataka wasanidi waiondoe, wakapewa muda mfupi tu. Atakayekufuata na ofa ya kukulipa kwa kila mtumiaji hata kama hujaonyesha tangazo lolote, jiulize anachokilipia ni nini.

Mbali na fomu hiyo, Play Console ina fomu nyingine ya kitambulisho cha matangazo, yaani msimbo unaokitambulisha kifaa kwa watangazaji. Programu inayolenga Android 13 au zaidi inahitaji ruhusa ya `com.google.android.gms.permission.AD_ID`. Isipokuwepo, kitambulisho hurudi kikiwa sifuri tupu na mapato huweza kushuka bila mtu kuelewa kwa nini. SDK ya matangazo ya Google kuanzia toleo 20.4.0 huiweka yenyewe. Kwa hiyo ukijibu “hatutumii” huku ruhusa imo, au ukijibu “tunatumia” huku maktaba nyingine imeiondoa, Play Console itakupigia kelele. Amua kwanza unataka nini, ndipo ulinganishe fomu na kifurushi.

Sera ya faragha nayo huangusha watu kwa vitu vidogo. Kiungo kinatakiwa kifunguke kwa yeyote popote alipo, kisiwe faili la PDF, na kisiwe hati ambayo watu wengine wanaweza kuihariri. Hati ya Google Docs uliyoiacha wazi kwa kila mwenye kiungo haifai. Andika humo jina la programu au lako kama linavyoonekana dukani, na uzitaje SDK za matangazo. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kwa hiyo ukurasa huo unasomwa na wengine zaidi ya Google.

Programu ya shule imeangukia kwenye sera ya familia

Umetengeneza programu ya maswali ya darasa la saba. Kwenye umri wa walengwa ukachagua miaka 13 na zaidi, ukidhani umekwepa. Lakini aikoni ina katuni ya mtoto amevaa sare, na maelezo yanasema “kwa wanafunzi wa shule ya msingi”. Duka linaangalia hayo, linakuambia programu inawavutia watoto, na fomu yako inakanushwa na picha zako mwenyewe.

Ukishaingia kwenye sera ya familia, masharti ya matangazo yanabana. SDK za matangazo kwa watoto lazima ziwe zile zilizojithibitisha chini ya mpango wa Google wa familia, na hapa ndipo wanaounganisha mitandao kadhaa kwa pamoja hujikwaa: AdMob imo, ila mtandao wa tatu kwenye orodha yao haumo. Tangazo linaloingilia matumizi ya kawaida liwe linafungika baada ya sekunde 5, si 15. Tangazo la skrini nzima mara programu inapofunguka haliruhusiwi, na mabango mawili kwenye ukurasa mmoja hayaruhusiwi.

Kama programu ni ya watoto peke yao, ruhusa ya AD_ID iondolewe kabisa:

```
<uses-permission
    android:name="com.google.android.gms.permission.AD_ID"
    tools:node="remove" />
```

Kama ni ya watoto na wakubwa pamoja, weka swali la umri lisiloelekeza jibu. “Una miaka 13 au zaidi? Bofya ndiyo kuendelea” ni kumfundisha mtoto kudanganya. Mwulize alizaliwa mwaka gani, basi. Kisha alama ya kuwa ombi linamhusu mtoto, pamoja na kiwango cha juu cha maudhui kuwa “G” (yanayofaa watu wote), viwekwe kwenye `RequestConfiguration` kabla ya tangazo la kwanza kuombwa. Vikija baada ya hapo, tangazo la kwanza limeshaombwa bila alama, na linaweza kuwa la kubeti. Mzazi akipiga picha ya skrini hiyo na kuiweka kwenye maoni, kazi unayo.

Kwa Apple, kundi la Kids ni gumu zaidi: matangazo na takwimu za watu wa tatu kwa kawaida haziruhusiwi, isipokuwa matangazo machache yasiyofuatilia mtu, kutoka kwa huduma yenye utaratibu wa wazi wa binadamu kukagua kila tangazo. Ushauri wangu ni kutoa toleo la kulipia lisilo na tangazo hata moja.

Apple wanasema hawakuona ombi la kufuatilia

Tangu iOS 14.5 ya Aprili 2021, programu inayotaka kumfuatilia mtu kwenye programu na tovuti za wengine lazima iombe ruhusa kwa kidirisha cha Apple. Wewe umekiweka, kwako kinatokea, mkaguzi anasema hakipo.

Mara nyingi umekiita mapema mno. Kidirisha hicho hakitokei mpaka programu iwe imeshakuwa hai mbele ya mtumiaji; ukikiita wakati programu ndiyo kwanza inawaka, simu inakipuuza bila kukuambia. Kihamishie baada ya programu kuwa hai. Angalia pia kama kidirisha kingine, cha arifa au cha kuomba idhini ya data kwa watu wa Ulaya, kinafunguka sekunde hiyohiyo na kukimeza. Ukijaribu, futa programu na uisakinishe upya, kwani mtu huulizwa mara moja tu. Hakikisha pia kwenye mipangilio ya faragha ya simu yako programu zinaruhusiwa kuomba kufuatilia, la sivyo hutakiona hata ukikesha.

Wakati mwingine hufuatilii mtu kabisa, ila kwenye lebo za faragha za App Store Connect, tovuti ya Apple ya kusimamia programu, ulitia alama kwamba data inatumika kufuatilia. Mkaguzi amesoma lebo, ametafuta kidirisha, hakukiona. Rekebisha lebo badala ya msimbo.

Barua pepe yenye ITMS-91053 ni jambo tofauti. Hutumwa na mashine muda mfupi baada ya kupakia, na inalalamika kwamba sababu za kutumia baadhi ya API za Apple hazikutajwa kwenye faili la `PrivacyInfo.xcprivacy`, ambalo Apple ilianza kulidai tarehe 1 Mei 2024. ITMS-91061 inataja SDK ya mtu wa tatu isiyo na faili lake. Kwa hiyo ya pili, mara nyingi tiba ni kupandisha toleo la SDK tu. Na kwa wanaofikiria kuweka tangazo kwenye wijeti, kibodi au arifa: kanuni 2.5.18 inasema matangazo yabaki ndani ya programu yenyewe.

Tangazo haliji kabisa

Programu ikianguka mara tu inapofunguka, angalia kama umeweka kitambulisho cha programu kwenye manifesti. Cha programu kina alama ya `~`, cha tangazo kina `/`, na kuvibadilishana ni kosa la kila siku. Ikiwa haianguki ila hakuna tangazo, soma namba ya hitilafu. Kwenye Android, 1 ni ombi lenye kasoro, 2 ni mtandao, 3 ni kwamba hakuna tangazo la kukupa kwa sasa. Kwenye iOS namba zimepishana: 0 ni ombi lenye kasoro, 1 ni kukosekana kwa tangazo. Ukinakili ushauri wa Android kwenye mradi wa iPhone utahangaikia kisichoharibika.

Jaribu kwanza na kitambulisho cha majaribio cha Google, `ca-app-pub-3940256099942544/6300978111` kwa bango la Android. Likija, msimbo wako wa kuomba tangazo hauna tatizo; mara nyingi tatizo liko kwenye akaunti, uhakiki, au uhaba wa matangazo ya eneo hilo.

Uhakiki wa programu huko AdMob ukikwama, mara nyingi ni faili la `app-ads.txt`, linalotaja nani anaruhusiwa kuuza nafasi za matangazo za programu yako. Linatakiwa liwe kwenye mzizi wa tovuti uliyoitaja kwenye ukurasa wako wa duka. Wengi wametaja ukurasa wa Facebook, na huko huwezi kuweka faili. GitHub Pages, huduma ya kuweka tovuti, inafaa ikiwa ni tovuti ya jina la akaunti yako yenyewe. Ukiitumia kama tovuti ya mradi, faili linaangukia kwenye folda ndogo na halisomwi. Firebase Hosting nayo inatosha. Ukishaliweka, mpe mtambazaji wa Google, yaani mashine inayopita ikisoma tovuti, saa 24 kabla ya kulalamika.

Na kama matangazo yapo Dodoma lakini watumiaji wako wa Ujerumani na Uingereza hawaingizi chochote, tazama ujumbe wa idhini. Tangu tarehe 16 Januari 2024 Google inataka programu zitumie mfumo wa idhini uliothibitishwa kwa watu wa Eneo la Kiuchumi la Ulaya na Uingereza. Programu ya mapishi ya Kiswahili inayopendwa na walioko ughaibuni inahusika kikamilifu.

Utoaji wa matangazo umewekewa mipaka

Ukiona taarifa hiyo AdMob, ama akaunti bado inatathminiwa ama mibofyo inatiliwa shaka. Shaka hiyo kwa kawaida imeanzia kwenye kundi la WhatsApp: “jamani nipakulieni app yangu, mkiona tangazo mnibofyee.” Watu arobaini, mtaa mmoja, siku moja. Google haihitaji mpelelezi kulibaini hilo. Futa ujumbe, waambie waache, na simu zako zote ziandikishe kama za majaribio. Kitambulisho cha kila simu hujitokeza kwenye Logcat, kumbukumbu za simu ndani ya Android Studio, unapoomba tangazo la kwanza. Kisha subiri. Mipaka ya namna hii kwa kawaida huisha ndani ya siku 30, na kubadilisha vitambulisho vya matangazo katikati hakuifupishi.

Rufaa yenyewe

Iandike ukiwa umeshajua chanzo, au ukiwa na uhakika kwamba hakuna kosa. Taja namba ya toleo, njia zote ulizolisafisha, SDK uliyoiondoa au kuipandisha toleo, na mahali hasa ulipohamishia tangazo. Ambatanisha video fupi ya skrini ikianzia programu inapofunguliwa mara ya kwanza. Kwa Apple, ipige kwenye iPhone halisi na uiweke kwenye maelezo ya mkaguzi kabla hajaiomba. Aya mbili zinatosha. Habari za mkopo uliochukua kununua kompyuta hazimsaidii anayesoma.

Na kama programu imesimamishwa, usiipakie tena kwa jina jipya wala usifungue akaunti ya pili kwa namba ya shemeji. Google huunganisha akaunti zinazohusiana, na ile ya pili ikikamatwa, inafungwa pamoja na ya kwanza huku rufaa yako ikiwa bado haijajibiwa.